Uzito wa mkono: vihisi vinapima nini hasa kwa mwanafunzi wa tiba?

Mkunga mkongwe anapomfundisha mwanafunzi kupapasa tumbo la mjamzito, humwambia, "Mwanangu, mkono wako mwepesi mno." Mwanafunzi anabonyeza zaidi. "Sasa umekuwa mzito, utamuumiza mama wa watu." "Basi iwe kiasi gani, mama?" "Utauzoea tu."

Mazungumzo ya namna hii ni ya kila siku katika wodi za wazazi, iwe Bombo mjini Tanga, iwe Teule kule Muheza. Na kweli wengi huuzoea. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kusema wameuzoea lini, wala kama hicho walichokizoea ndicho chenyewe. Maarifa ya kichwani tunajua kuyapima: toa swali, sahihisha jibu. Maarifa ya mikononi ni habari nyingine. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni kumezuka juhudi za kutia vihisi ndani ya midoli ya mafunzo na hata kwenye glavu, ili mkono wenyewe utoe ushahidi. Jambo hili linasifiwa sana na linaogopwa sana, na mara nyingi wanaosifu na wanaoogopa wote hawajaulizana kihisi kinapima nini.

Tuanzie pale tulipo. Mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu anaujua mtihani wa vituo, ule tunaouita OSCE. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 na Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti. Mwanafunzi anapita kituo hadi kituo, dakika chache kila kimoja, na msimamizi ameshika karatasi yenye hatua: amejitambulisha, amenawa mikono, amepapasa pande zote. Mtihani huu uliondoa dhuluma kubwa ya zamani, ambapo matokeo ya mtu yalitegemea amekutana na mtahini gani na asubuhi ile mtahini kaamkaje. Lakini karatasi ile ina upofu wake. Inaweza kuandika kwamba mkono umefika mahali. Mkono ulifanya nini baada ya kufika, karatasi haijui, na msimamizi aliyesimama mita mbili pembeni naye hajui. Kukadiria nguvu ya vidole kwa kuvitazama ni sawa na kutaka kujua chumvi ya mchuzi kwa kuangalia picha yake.

Hapo ndipo kihisi kinapoingia. Kihisi ni kifaa kinachogeuza jambo la kimwili, kama msukumo, joto au mwendo, kuwa badiliko la umeme ambalo kompyuta inaweza kuliandika. Simu iliyo mfukoni mwako inavyo kadhaa; ukiilaza, picha nayo inageuka, kwa sababu kuna kimojawapo kimehisi. Ndani ya mdoli wa mafunzo kinachotumika sana ni utando mwembamba kama karatasi, ambao ukibonyezwa ukinzani wake wa umeme unapungua. Utando huo unafichwa chini ya ngozi ya mpira, waya zinatokea mgongoni, na kila mara vidole vinapogusa kunaandikwa wapi, kwa nguvu gani, kwa muda gani. Hakuna uchawi. Fundi redio mzuri angeielewa saketi yake mchana mmoja.

Mfano ulioamsha wengi ulitoka Marekani. Carla Pugh, daktari mpasuaji ambaye pia ana shahada ya uzamivu katika elimu, ametumia miaka mingi kutengeneza midoli yenye vihisi. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliweka mifano ya matiti yenye uvimbe wa kina tofauti mbele ya madaktari 553 waliokuwa wamehudhuria mikutano ya kitaaluma, kisha wakawaomba wafanye uchunguzi kama wafanyavyo kila siku. Hawa walikuwa watu wanaotibu, hawakuwa wanafunzi. Ilionekana kwamba waliobonyeza kwa nguvu iliyo chini ya nyutoni 10, ambayo ni kama uzito wa pakiti ya kilo moja ya sukari, walikuwa wakiukosa uvimbe uliokaa ndani kabisa, karibu na ukuta wa kifua. Asilimia 15 ya madaktari walikuwa na namna ya kupapasa iliyowaweka katika hatari hiyo. Na tofauti hiyo ya nguvu haikuweza kutambuliwa kwa macho ya mtazamaji.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho polepole. Madaktari wale walipita pande zote za titi, vidole vilikwenda kwa mpangilio, na karatasi ya OSCE ingewapa alama zote. Kilichokosekana hakikuwemo kwenye karatasi, kwa sababu hakuna jicho lingeweza kukiona. Kwa mama wa Pangani au wa Mkinga, ambaye mashine ya mamografia, ile ya kupiga picha ya ndani ya titi, iko safari nzima kutoka kwake, mkono wa mhudumu wa zahanati ndio kipimo cha kwanza, na mara nyingine ndio cha pekee kwa miezi. Mkono huo ukiwa mwepesi kwa kiasi cha nyutoni chache, yeye ataambiwa hana kitu, na atarudi nyumbani akishukuru.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba niko upande wa vihisi. Lakini kuna hatua mbili ambazo wauzaji wa midoli huziruka, na ndizo zenye mambo.

Namba si hukumu

Chukua ukandamizaji wa kifua kwa mtu ambaye moyo wake umesimama. Mwongozo kwa mtu mzima unajulikana: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kikamilifu kabla ya kukandamiza tena. Unaweza kudhani hapa kipimo ni rahisi, kina ni kina. Basi tazama kinavyopatikana. Vifaa vingi hutumia akselerometa, chipu inayohisi mwendo unavyoongezeka au kupungua kasi. Haijui kina hata kidogo. Kompyuta huchukua badiliko la kasi, ikakokotoa kasi, kisha kutoka kwenye kasi ikakokotoa umbali. Kosa dogo la mwanzo linabebwa kwenye hesabu ya pili na kukua, hadi baada ya sekunde kadhaa kifaa kinaweza kudai mkono umezama hadi sakafuni. Kwa hiyo huongezewa kihisi cha msukumo ili kujua kila kandamizo linaanzia wapi, na hesabu ianze upya.

Halafu kuna godoro. Mlaze mdoli, au mgonjwa, juu ya godoro la sponji na umkandamize: kifua kinashuka, na godoro nalo linashuka chini yake. Akselerometa iliyo juu ya kifua inajumlisha yote mawili na kutangaza sentimita 6, ilhali kifua chenyewe kimeingia 4. Mwanafunzi anasifiwa kwa kulikanda godoro. Ukiwa na kipande cha mbao kigumu chini ya mgongo tatizo linapungua, na kwa kweli sehemu ngumu ya kumlaza mgonjwa inashauriwa hata bila kihisi chochote.

Nimekaa juu ya mfano huu kwa makusudi. Kina cha kifua ndicho kitu chepesi kuliko vyote katika orodha ya ujuzi wa mikono: kina kiwango kilichokubaliwa na dunia nzima, na bado ukiuliza kifaa kimekipataje unakuta dhana tatu zimekaa ndani. Kupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje hakuna hata hicho kiwango. Mstari wa kufaulu unatoka wapi basi?

Kwa kawaida hutoka kwa mabingwa. Unawaita wakunga au wapasuaji wenye uzoefu, wanafanya kazi kwenye mdoli, unaandika namba zao, na mwanafunzi anapimwa kwa jinsi anavyokaribia namba hizo. Katika upasuaji njia hii imezaa matunda. Chuo cha Imperial cha London kiliunda mfumo wa kufunga vihisi vidogo nyuma ya mikono ya mpasuaji, ukifuatilia mwendo wa mikono ndani ya uga wa sumaku, na ukaonyesha jambo ambalo kila fundi analijua: mzoefu hufanya miondoko michache, na mikono yake husafiri umbali mfupi kumaliza kazi ileile. Sawa. Ila mabingwa hawafanani. Mkunga mmoja hupapasa kwa ncha za vidole, mwingine kwa kiganja kizima, na wote wawili hupata jibu sahihi. Ukitafuta wastani wao unapata mkono ambao haumo duniani, kisha unamfelisha mwanafunzi kwa kutokuwa nao.

Sasa hivi kazi hii ya kulinganisha inazidi kuachiwa programu zinazojifunza zenyewe kutokana na data. Hizo nazo hujifunza kutoka kwa mikono ambayo watengenezaji wamezilisha, juu ya midoli waliyoichagua. Mdoli mwenye tumbo la mpira lililoundwa kwa umbo la mama mmoja wa Ulaya hawezi kutoa mstari wa haki kwa mwanafunzi anayewahudumia akina mama wa Handeni na Lushoto, wembamba na wanene, wa mimba ya kwanza na wa mimba ya saba, ambao kuta za matumbo yao hazifanani kwa lolote.

Kutoka kwa mdoli hadi kwa mtoto

Hatua ya pili inayorukwa ni kubwa zaidi, na ushahidi wake mzuri kabisa umetoka hapahapa Tanzania.

Mtoto anazaliwa hapumui. Mhudumu ana dakika moja, inayoitwa dakika ya dhahabu, kumkausha, kumchochea, na ikishindikana, kumpa hewa kwa Ambu, yaani mfuko wa kubana kwa kiganja, na barakoa. Ujuzi huu ni wa mkono hasa. Kichanga cha kilo 3 kinahitaji mililita 15 hadi 24 tu za hewa kwa kila pumzi, na mfuko wenyewe unabeba zaidi ya 200, hivyo kiganja kilichobana kupita kiasi kinaweza kuumiza mapafu. Upande mwingine, barakoa ikikaa vibaya usoni hewa yote inavuja pembeni na kifua hakiinuki. Kihisi cha mtiririko kikiwekwa kati ya mfuko na barakoa hupima hewa inayokwenda na inayorudi. Tofauti yake ndiyo iliyovuja. Mhudumu anayeapa kwamba barakoa imebana anaonyeshwa kwamba nusu ya pumzi imeishia hewani.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, imekuwa kitovu cha utafiti wa jambo hili kwa miaka mingi, na haikuishia kwenye midoli. Vifaa vya kuandika mtiririko wa hewa na mapigo ya moyo viliwekwa kwenye vyumba vya kujifungulia, vikaandika watoto halisi wakihudumiwa. Kwa hiyo waliweza kuuliza swali ambalo wengi hawana pa kuliulizia: anayefanya vizuri kwa mdoli anafanya vizuri kwa mtoto?

Jibu la kwanza lilichapishwa mwaka 2013, na lilikuwa chungu. Baada ya mafunzo ya siku moja, idadi ya wahudumu waliofaulu zoezi la kumfufua mdoli ilipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Ukiangalia namba hiyo peke yake unaagiza keki. Lakini walipotazama wahudumu walivyowahudumia vichanga vyenyewe wodini, hakukuwa na badiliko la maana. Sisi watu wa Tanga tunaijua semina ya aina hiyo. Ni ya waja leo waondoka leo.

Kilichobadilisha hali baadaye hakikuwa mdoli mpya. Yalianzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, dakika chache kabla ya zamu au katikati yake, mdoli ukiwa karibu na meza ya kuhudumia watoto. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Baadaye fikra hiyo ilipanuliwa kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Huko mazoezi ya mara kwa mara yaliunganishwa na vifaa vyenye vihisi na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya vichanga vya siku ya kwanza vimepungua kwa asilimia 40 hivi, ingawa mikoa haikulingana. Tanga haikuwemo. Wala mtu asiseme kihisi ndicho kilichookoa watoto hao. Kilikuwa kimoja katika furushi, na ukiniuliza mimi, kilichofanya kazi kubwa ni yale mazoezi ya kurudiarudia.

Hivyo alama ya kihisi kwenye mdoli inakwambia mtu alivyofanya kwa mdoli, siku ile, akijua anatazamwa. Haya ni mambo matatu, na kila moja linaweza kukudanganya. La tatu hasa. Midoli mingi ya kisasa ina taa au skrini inayomwonyesha mwanafunzi papo hapo kama amepatia. Ni msaada mkubwa wakati wa kujifunza, lakini ukiweka taa ya kijani, kuna watakaojifunza taa. Izime siku moja bila kutangaza, uone mikono mingapi inabaki na ujuzi wake. Mwalimu anayetumia vihisi bila kufanya hivyo anaisomesha mashine yake mwenyewe.

Yasiyogusa utando

Kuna yale ambayo hakuna waya utayaandika. Mwanafunzi anayeingia na kusema hodi, akamwamkia mama shikamoo, akavuta pazia, akapasha viganja joto kwa kuvisugua na kuomba ruhusa kabla ya kufunua nguo, kwa kihisi ni sawa na yule aliyeingia kimya na kuweka vidole vya baridi. Watabonyeza kwa nyutoni zilezile. Lakini mama wa pili amekaza misuli ya tumbo, na tumbo lililokazwa halipapasiki. Kwa hiyo hata ukitaka kuhesabu ufundi peke yake, adabu imo ndani ya ufundi. Mdoli hakazi tumbo, na hiyo ni sababu tosha ya kumbakiza msimamizi na karatasi yake chumbani.

Na kuna maumivu. Kihisi kinaandika kwamba mkono umepita nyutoni 40. Hakiandiki kwamba uso wa mama ulikunjamana zilipofika 15 na mwanafunzi akaendelea.

Tukija kwenye mambo ya duka na fundi: si lazima chuo kinunue mdoli wa mamilioni ili kuanza. Utando wa msukumo na bodi ndogo ya kielektroniki ni vitu vya bei nafuu, na mdoli wa sponji unaweza kushonwa hapahapa. Gharama iliyojificha ni utunzaji. Utando hupoteza usahihi ukibonyezwa maelfu ya mara, sponji hukakamaa kwa joto, na upepo wa bahari tunaoupenda jioni ya Raskazone unakula vichwa vya waya kama unavyokula baiskeli zetu. Kifaa kilichosoma nyutoni 10 mwezi Januari kinaweza kusoma 7 mwezi Agosti, na hakitamwambia mtu. Dawa yake ni mawe ya mizani: weka jiwe la kilo moja juu ya kihisi kila wiki, uandike kinachosoma. Kihisi kisiposoma karibu na nyutoni 10, mtihani hauanzi. Chuo kisicho tayari kwa kazi hiyo ya kuchosha kibaki na macho ya mkunga, ambayo angalau yanajua kwamba yanakadiria.

Namba hizo pia zina mwenyewe. Rekodi ya mkono wa mwanafunzi ikiwa na jina lake ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu anayeitunza. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza: nani anaiona, inakaa miaka mingapi, na je, mwajiri wangu atakuja kuonyeshwa kwamba mwaka wa kwanza mkono wangu ulitetemeka? Rekodi za watoto halisi ni nyeti zaidi, na mzazi hawezi kuombwa ridhaa huku anajifungua na kuhesabiwa kuwa ameelewa.

Kama chuo fulani mkoani hapa kingeniuliza kianzie wapi, ningesema kisianze na wanafunzi kabisa. Wachukue mdoli wenye vihisi wampeleke kwa wakunga wanaoheshimika, wa Bombo, wa Muheza, wa Korogwe, wale ambao madaktari wenyewe huwaita mambo yakiwa magumu. Kila mmoja apapase kwa namna yake, bila taa na bila skrini, kisha namba zao ziwekwe mezani pamoja na mstari wa kufaulu uliokuja na mdoli kutoka kiwandani. Wakunga hao wakivuka mstari, mstari unafaa kujaribiwa kwa wanafunzi. Nusu yao wakifeli, kuna kazi ya kufanya kabla ya mtihani wowote: ama mstari ni wa watu wengine, ama mdoli si tumbo, ama, na hili nalo lisemwe, baadhi ya mikono tunayoiheshimu ilikuwa ikikosa kitu miaka yote. Ni lipi kati ya hayo matatu, mdoli hawezi kusema. Itabidi wakunga na walimu wa chuo wakae meza moja, wapapase mama mmoja kwa zamu kwa ruhusa yake, na walinganishe walichokisikia na kile ambacho kipimo cha ultrasaundi kitaonyesha.